Jezi Nyingi, Kazi Moja

Mchezaji wa soka aliyepita klabu sita au saba hana jina zuri nchini Tanzania. Akihama angali kijana huambiwa ana tamaa, akihama akiwa na miaka thelathini huitwa mamluki, na akifika mahali msimu ukamwendea kombo anakuwa garasa, hata kama alisajiliwa Januari, hakufanya maandalizi ya msimu na wenzake, na timu ilikuwa mkiani kabla hajamwaga wino. Sifa tumewawekea waliokaa mahali pamoja, wale ambao ukitaja jina lao umeitaja na klabu. Si vibaya kuwasifu. Kinachofaa kuulizwa ni kama kuhama kwa huyu mwingine kunatuambia lolote juu ya tabia yake. Hoja yangu ni kwamba hakutuambii. Katika ligi yetu, na hasa huku Kanda ya Ziwa, kilichokosa utulivu ni klabu. Mchezaji wa kuhamahama ndiye aliyebaki kwenye kazi ileile miaka kumi na zaidi, akiifuata popote inapopatikana. Ikiwa ndivyo, basi swali si kwa nini anahama. Swali ni kitu gani kinahama pamoja naye.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye uwanja wa Kirumba. Msimu wa 2016/17 jiji la Mwanza lilikuwa na klabu mbili Ligi Kuu: Toto African na Mbao. Toto ilishuka msimu huohuo. Mbao, iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho pale Dodoma na kufungwa na Simba 2-1 katika muda wa nyongeza. Msimu wa 2018/19 ikaingia Alliance, timu iliyochipuka kwenye shule na kituo cha vijana cha Mahina. Mwisho wa msimu wa 2019/20 Mbao na Alliance zikashuka kwa pamoja. Gwambina ya Misungwi ikapanda, ikacheza msimu mmoja, ikashuka 2021. Biashara United ya Musoma iliiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2021, na mwaka uliofuata ikaiaga Ligi Kuu. Geita Gold ilimaliza ya nne msimu wa 2021/22, na miaka miwili baadaye ikashuka. Hata Kagera Sugar, iliyodumu muda mrefu kiasi cha kuonekana haishuki, ilishuka 2025. Tumchukue sasa kijana wa Butimba, Mwanza, aliyeanza Ligi Kuu mwaka 2016 na ambaye haja yake moja tu ilikuwa kucheza daraja la juu bila kutoka nje ya mikoa ya Mwanza na Geita. Angeanza Toto, angehamia Mbao, kisha Gwambina, kisha Geita Gold, na mwaka 2024 angetua Pamba Jiji. Hizo ni jezi tano ndani ya miaka minane, na katika kila hatua yeye ndiye angekuwa amebaki na klabu ndiyo imeondoka. Mtu akisoma wasifu wake bila kuyajua haya angesema kijana hatulii.

Klabu zenyewe nazo husafiri. Ihefu ilikuwa timu ya Mbarali, Mbeya, kisha ikahamia Singida, na mwaka 2024 ikawa Singida Black Stars. Singida Fountain Gate, katika nusu ya pili ya msimu wa 2023/24, ilikuja kuutumia uwanja wa CCM Kirumba kama nyumbani, na msimu uliofuata ikaitwa Fountain Gate na makao yakawa Manyara. Mchezaji mwenye mkataba na timu hiyo angeweza kubadili jiji, uwanja, nembo na mashabiki bila kusaini karatasi mpya hata moja. Hakuna aliyemwita rais wa klabu mamluki. Uhamisho wa klabu tuliuita uwekezaji, na katika baadhi ya mambo ni kweli ulileta fedha. Lakini hatuwezi kuwa na vipimo viwili: anapohama mwenye mali ni mkakati, anapohama mwenye miguu ni usaliti.

Wapo wanaokumbuka enzi ambazo mchezaji alidumu na timu moja, na kumbukumbu yao ni ya kweli. Pamba, ile TP Lindanda ambayo mwaka 1990 iliipiga Anse Boileau ya Shelisheli 12-1 katika Kombe la Washindi barani Afrika, jina lake lilitokana na zao lililoulisha ukanda huu. Reli ilikuwa na timu Morogoro, viwanda vya sukari vilikuwa na timu Mtibwa na Kagera, na JKT, Polisi na Magereza zilikuwa na zao, kama zilivyo nazo hadi leo. Katika timu za namna hiyo mchezaji aliajiriwa kwanza ndipo akacheza. Mapenzi ya jezi yalikuwepo, lakini chini yake palikuwa na barua ya ajira, nyumba ya shirika, zahanati ya kiwanda na mshahara uliotoka hata wiki ambayo timu imefungwa. Miaka ya 1990 soko la pamba lilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi na mashirika mengi ya umma kubinafsishwa au kufa, timu zilizoegemea huko zilibaki na jina na mashabiki bila mwajiri nyuma yake. Kilichopotea hapo tukakiita uaminifu, ilhali kwa sehemu kubwa kilikuwa ajira. Si bahati kwamba klabu ya kanda hii iliyodumu kuliko nyingine zote katika Ligi Kuu ya karne hii ilikuwa ya kiwanda.

Butimba penyewe pana kipimo kizuri cha jambo hili. Chuo cha Ualimu Butimba ni miongoni mwa vyuo vinavyojulikana nchini kwa kuandaa walimu wa michezo, muziki na sanaa, na viwanja vyake vimewahi kupokea mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA. Mwalimu anayetoka hapo anaweza kupangiwa Ukerewe, akahamishiwa Sengerema, baadaye Bariadi, na akastaafia Kigoma. Mtu aliyefundisha shule saba haitwi garasa. Akisimama kwenye sherehe ya kumuaga, shule hizo husomwa moja baada ya nyingine kama sifa: huyu ameitumikia nchi. Sababu ya tofauti hiyo haiko kwenye idadi ya vituo. Mwalimu anapohama, hufuatana na faili lake, cheo chake, michango yake ya pensheni na bima yake ya afya. Mwajiri ni mmoja hata kama mkuu wa shule amebadilika. Mchezaji anapohama, anafuatana na begi la viatu. Mguu aliouumizia Songea ni wake na si wa klabu ya Songea. Mishahara ya miezi mitatu asiyolipwa Shinyanga inabaki Shinyanga. Kwa hiyo anapofika kituo cha tano anaonekana mtu aliyeshindwa mara nne, na hakuna karatasi inayosema vinginevyo.

Lakini ipo kazi inayohama naye, nayo ni ujuzi. Mwangalie Juma Kaseja, mtoto wa Kigoma. Agosti 2003, akiwa na miaka 18, alisimama langoni mwa Simba mjini Cairo walipoing'oa Zamalek, bingwa mtetezi wa Afrika, kwa mikwaju ya penati. Baadaye alipita Yanga, akarudi Simba, akaenda tena Yanga, kisha Mbeya City, Kagera Sugar na KMC. Kwa kipimo cha mitaani, kutoka Kariakoo kwenda Mbeya, kisha Bukoba, ni kushuka ngazi. Mwaka 2019, akiwa mchezaji wa KMC na umri wa miaka 34, aliitwa tena Taifa Stars, na Agosti akasimama langoni Kasarani, Nairobi, na Tanzania ikaitoa Kenya 4-1 kwa penati katika kufuzu CHAN. Mwezi uliofuata ikaja zamu ya Burundi, Dar es Salaam, kuwania kufuzu Kombe la Dunia: penati tena, na Burundi hawakupata hata moja. Kati ya Cairo na Kasarani kuna miaka 16. Kipa mzuri wa penati hutazama mguu wa kusimamia wa mpigaji, husubiri nusu pumzi zaidi ya wenzake, na hujua lini atembee kidogo kwenye mstari wake ili mpigaji aanze kufikiri. Mambo hayo hayakuwa mali ya Simba, wala KMC haikuyafundisha. Yalisafiri ndani ya mtu, kutoka kambi moja hadi nyingine, yakizidi kukomaa huko tulikodhani anamalizikia.

Ujuzi wa pili ni wa kufika. Meddie Kagere alizaliwa Uganda, akaichezea timu ya taifa ya Rwanda, akapita klabu kadhaa za Kigali, akaenda Tirana ya Albania, akajiunga na Gor Mahia ya Nairobi, na mwaka 2018 akatua Simba akiwa amekaribia miaka 32. Umri huo wengine wanatafuta pa kupumzikia. Yeye alifunga mabao 23 msimu wa kwanza na 22 msimu wa pili, na mara zote mbili akawa mfungaji bora. George Mpole alikuwa jina la kawaida la timu za mikoani hadi alipofunga mabao 17 akiwa Geita Gold msimu wa 2021/22 na kumpita Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja, kisha akavuka kwenda Lupopo ya Lubumbashi, na baadaye akarudi kando ya Ziwa na Pamba Jiji. Mshambuliaji anayefika kambi mpya ana wiki chache za kujua winga yupi hupiga krosi mapema, kiungo yupi huchelewa kuachia pasi, beki yupi hapendi kuambiwa. Hupewa namba ya jezi iliyobaki na chumba chenye kitanda kilichobaki. Akiweza kufanya hayo mara sita katika maisha, na kila mara akapata nafasi kikosini, hilo si tamaa. Ni stadi ambayo aliyekaa klabu moja hajawahi kudaiwa.

Najua hatari ya kutaja majina makubwa: waliofaulu huifanya njia ionekane nyoofu. Thamani ya wengine wengi, wale ambao majina yao hutajwa tu mtangazaji anaposoma orodha ya wachezaji wa akiba, huonekana vizuri siku wanapokosekana. Agosti 2023, mwanzoni mwa msimu, Kitayosce ya Tabora, ambayo baadaye ilijulikana kama Tabora United, iliingia Chamazi kucheza na Azam ikiwa na wachezaji wanane, kwa kuwa usajili wa wengine ulikuwa haujakamilika. Wakapungua hadi chini ya saba, na mwamuzi akaimaliza mechi kabla hata ya dakika ya 20, Azam wakiongoza 4-0. Uwanja ulikuwepo, kamera zilikuwepo, nyota wa Azam walikuwepo. Kilichokosekana ni watu wa kawaida kumi hivi ambao kila mwaka hujaza fomu za timu zinazopambana kubaki. Ligi ya klabu 16 ina mechi 30 kwa kila klabu, na kila bingwa hucheza nyingi kati ya hizo dhidi ya watu hawa. Bila wao hakuna bingwa.

Pingamizi la kwanza husema: anafuata fedha. Ndiyo, anafuata fedha, kama anavyofuata fundi, dereva na mhariri wa jarida hili. Lakini mara nyingi hafuati zilizo nyingi zaidi, anafuata zilizopo. Kanuni za FIFA tangu 2018 zinampa mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili haki ya kuvunja mkataba, akishampa mwajiri notisi ya siku 15. Chombo cha kimataifa hakiweki kanuni ya namna hiyo kwa tatizo la kubuni. Adhabu za kufungiwa usajili ambazo klabu zetu kadhaa zimezipata kwa madeni ya wachezaji na makocha zinaonyesha kwamba tatizo liko hapa pia. Shabiki anayemzomea mchezaji kwa kuondoka Desemba angeuliza kwanza kama Oktoba na Novemba zililipwa.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: wazoefu hawa huwazibia njia vijana. Timu iliyo hatarini kushuka haitoi nafasi kwa mtoto wa miaka 18 kutoka Mahina. Inasubiri dirisha dogo, inaleta wazoefu watano kwa mikataba ya miezi sita, mgeni njoo mwenyeji apone, na mwezi Juni wote wanapewa mkono wa kwaheri. Ni kweli jambo hili linaumiza vipaji, na linaumiza zaidi mikoa yenye vituo vizuri vya vijana kama Mwanza. Hapa nakubali nusu ya hoja. Kinachoziba njia si umri wala uzoefu. Ni mkataba wa miezi sita, ambao haumpi mzoefu sababu yoyote ya kumfundisha kijana atakayemwondoa na hauipi klabu muda wa kumkuza yeyote. Beki wa miaka 33 mwenye mkataba wa miaka miwili angekuwa mwalimu bora kuliko semina nyingi. Pia tusisahau kwamba nafasi zenyewe zilipunguzwa: Ligi Kuu ilikuwa na klabu 20 hadi 2020, zikawa 18, na tangu 2021/22 ni 16. Ukihesabu wachezaji 25 tu kwa klabu, ajira kama 100 zilifutika ndani ya misimu miwili, huku kila klabu ikiruhusiwa kusajili wageni hadi 12. Mzee na kijana wote walisukumwa kwenye mlango uleule, kisha tukawalaumu kwa kusukumana.

Pingamizi la tatu husema mpira ni chaguo, na aliyechagua mchezo asidai pensheni. Hoja hii ingesimama kama mpira ungekuwa bado mchezo. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na TFF mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kitu kinachouzwa kwa bei hiyo ni bidhaa, na wanaoizalisha ni wafanyakazi. Sheria ya hifadhi ya jamii inataka asilimia 20 ya mshahara ipelekwe NSSF kati ya mwajiri na mwajiriwa, na uzuri wa mfumo huo ni kwamba namba ya uanachama ni ya mtu, haibadiliki akibadili mwajiri. Kwa maneno mengine, nchi tayari ina chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wa kuhama. Tatizo ni hesabu. Pensheni ya uzee hudai miezi 180 ya michango, yaani miaka 15 kamili. Wachezaji wachache sana hucheza miaka 15, na anayecheza hiyo akiwa na mapengo ya miezi miwili hapa na minne pale, kila mkataba unapokatika, hafiki. Kwa hiyo kila mwezi ambao klabu haikupeleka mchango si deni dogo la mwezi mmoja. Ni tofali lililotolewa kwenye ukuta ambao una matofali ya kutosha tu.

Wengine wameshapita hapa. Marekani besiboli hujengwa juu ya ligi za chini zenye maelfu ya wachezaji wanaohamishwa mji hadi mji, wengi wao bila kuufikia mji mkubwa. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisaini na Pittsburgh Pirates mwaka 2008 na akazunguka huko chini hadi tarehe 26 Aprili 2017, alipokuwa Mwafrika wa kwanza kuzaliwa na kukulia barani akacheza ligi kuu ya mchezo huo. Zamu yake ya kwanza tu kushika gongo aliupiga mpira akafika kituo cha kwanza. Mwaka uliofuata alikuwa Toronto. Mwaka 2021 timu za chini zenye uhusiano rasmi na klabu kubwa zilipunguzwa kutoka 160 hadi 120, pigo linalofanana na la kwetu. Lakini mwaka 2022 wachezaji hao wakaingia kwenye chama cha wafanyakazi, na mwaka 2023 wakapata mkataba wao wa kwanza wa pamoja: kiwango cha chini katika daraja la juu la ligi hizo kilipanda kutoka dola 17,500 hadi 35,800 kwa mwaka. Hakuna aliyewazuia kuhama, na bado wanahama. Kilichobadilika ni masharti yanayohama pamoja nao. Kwetu chama cha wachezaji, SPUTANZA, kipo. Kinachohitajika ni wachezaji wenye majina wakipe sauti zao, maana wao ndio ambao klabu haziwezi kuwapuuza.

Yanayodaiwa si makubwa. Leseni ya klabu kushiriki ligi iambatane na uthibitisho kwamba michango ya NSSF ya msimu uliopita imelipwa. Jeraha lililopatikana kazini litibiwe na aliyekuwa mwajiri hata mkataba ukiisha mchezaji akiwa kitandani. Mechi alizocheza mtu ziwekwe kwenye kumbukumbu rasmi inayosomeka na kila mmoja, ili kituo cha tano kiheshimu vinne vilivyotangulia. Na milango ya vyuo kama Butimba itafutiwe njia ya kumpokea mchezaji wa miaka 34 ambaye shule aliiacha mapema, kwa kozi za kumrudishia sifa alizokosa, kwa sababu nchi inayolia haina walimu wa michezo inawaacha watu wenye miaka 15 ya mazoezi wakarudi mtaani bila cheti. Tukishafanya hayo ndipo tutakapokuwa na haki ya kumuuliza mchezaji kuhusu mapenzi ya jezi. Nashuku hata hivyo kwamba swali lenyewe litapungua nguvu, kwa sababu mtu mwenye uhakika wa mshahara na matibabu huhama pale tu anapotaka, na huyo ndiye wa kwanza ambaye tungeweza kumpima uaminifu wake kwa haki.